Barua Iliyokosekana Kwenye Faili Yangu

Siku yangu ya mwisho kazini walinipa chupa ya chai ya lita tano. Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, wenzangu wakaimba, mkubwa wetu akasema maneno mazuri mpaka nikatafuta kitambaa cha kujipangusa. Niliibeba ile chupa kama mtoto, kutoka katikati ya jiji mpaka kwangu Riruta. Sikujua nimejibebea kesi.

Nilikuwa nimefanya kazi masijala miaka ishirini na tatu. Masijala ni pale faili zinakaa. Yetu ilikuwa chini kabisa ya jengo, taa zinawaka mchana kutwa kwa sababu dirisha la maana halikuwepo. Niliingia nikiwa mtu wa kupika chai na kupandisha faili ghorofani. Baadaye nikasoma masomo ya jioni, nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na nane, darasa moja na walinzi wa usiku na mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni. Nikapandishwa nikawa karani. Kisha zikaja mashine, karatasi zikaingia kwa kompyuta, na sisi tuliokaa sana tukaambiwa tunaweza kustaafu mapema tukitaka. Niliomba Mungu siku tatu, nikaweka sahihi. Nilikuwa na miaka arobaini na nane.

Sikulia. Nilikuwa na swali moja tu. Mama yangu huko Ukambani bado analima, na kama Mungu atanipa afya yake, nilikuwa na miaka kama ishirini ya kufanya kazi. Hiyo si mapumziko, hiyo ni kazi nyingine nzima. Ile ya kwanza niliichukua kwa sababu ndiyo ilipatikana. Hii ya pili nilitaka kuichagua mwenyewe, na shida ni kwamba sikujua kuchagua. Sijawahi. Nilitoka kwa baba nikaenda kwa bwana, nikapewa kazi, nikapewa dawati, nikapewa hata rangi ya kalamu.

Basi Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nikasimama. Nikashukuru, nikaimbisha kibwagizo kimoja, halafu nikasema, "Wapendwa, naomba mniombee nijue Mungu anataka nifanye nini sasa."

Hapo ndipo nilikosea. Kanisa letu ni la mabati, si kubwa, na tunajuana mpaka saizi za viatu. Ukisema mgongo unakuuma, kabla jua halijazama una dawa nne za kienyeji na ya tano inakuja na mtu. Sasa mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu hao nikaomba kazi.

Hata sijafika mlangoni, mwenyekiti wa akina mama akanishika mkono. Ni mama wa miaka sitini hivi, mrefu, sauti yake haihitaji maikrofoni.

"Sister, Mungu amenionyesha."

"Amekuonyesha nini, mama?"

"Kuku. Nimeona vitu vyeupe, vingi, vimepangwa juu na chini. Wewe uko katikati yake umevaa gambuti, zile buti za mpira."

"Mama, mimi sina gambuti."

"Utapata. Mungu akionyesha gambuti, gambuti inakuja."

Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa amekaa mbele ya ile chupa ya chai anaiangalia kama mtu anayeangalia runinga. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Dagoretti Corner.

"Mama watoto," akasema, "hii chupa si ya bure. Asubuhi pale Corner watu wanatafuta chai kama wagonjwa. Mafundi, makanga wa matatu, watu wa ofisi. Na chai yako naijua. Mungu aongee aje tena?"

Binti yetu, ambaye yuko chuo anasomea mambo ya kompyuta, akatoa kichwa chumbani. "Mum, wacha hizo story za chai. Uanze video za mapishi. Watu wanapenda mama ametulia hivi."

"Nitakuwa naongea na nani?"

"Na simu."

"Nisimame jikoni niongee na simu pekee yangu? Majirani waite pasta aje kuniombea?"

Walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Ukishaomba Mungu jibu, huwezi kumwambia ni mdomo gani atumie. Mwenyekiti angeweza kuwa ndiye. Mume wangu angeweza kuwa ndiye. Ningemdharau mtu nikagundua baadaye nilidharau jibu langu? Pale masijala tulikuwa na sheria: barua ikiingia inasajiliwa. Hata kama ni ya upuzi, hata kama imeandikwa nyuma ya karatasi ya sukari, inapewa namba, inaingia kwa faili. Kuamua si kazi ya mpokeaji.

Kwa hivyo Jumatatu nikanunua faili ya manila, ile ya kahawia, pamoja na uzi wa kufungia. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: KAZI BAADA YA KUSTAAFU. Kila mtu aliyenipa wazo niliandika ukurasa wake, nikaweka namba kwenye pembe. Namba moja, kuku. Namba mbili, chai. Namba tatu, video. Halafu kwenye jalada nikaandika tarehe, miezi mitatu mbele. Ofisini tulikuwa tunaiita "biyuu." Ukiandika biyuu, siku hiyo ikifika lazima faili irudi mezani, hata kama hakuna mtu ameiulizia. Nikajiambia, biyuu ikifika nitakuwa nimeamua. Nikafunga uzi nikaenda kufua.

Faili ilinenepa. Mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza nilikuwa nimefika namba tisa. Mtu wa kuuza maji, akina mama wa mitumba, jirani tunayeishi naye plot moja aliyesema nioteshe uyoga chini ya kitanda. Namba tisa ilikuwa ya rafiki yangu, yule yule mama tuliyesoma naye masomo ya jioni, mtoto mgongoni. Siku hizi anasuka nywele Kenyatta Market.

"Kuja wiki moja ujaribu," akaniambia kwa simu. "Vidole unavyo, mdomo unao. Salon inataka hivyo viwili tu."

Nikaenda. Kumbe vidole vyangu vimezoea uzi wa faili. Niliachiwa kichwa cha mama mmoja mpole, nikasuka mstari wa kwanza ukaenda kama barabara ya kwetu, unapanda unashuka unazunguka mlima. Yule mama akajiangalia kwa kioo, akasema, "Mungu anakupenda, dada, lakini usiguse upande ule mwingine."

Nikatolewa kwa vichwa. Nikaona rasta zao, zile nywele za kusukia, zimerundikwa kwa kreti, na kila pakiti ina namba yake ya rangi. Nilishindwa kukaa. Nikazipanga zote kwa namba, moja mpaka ya mwisho, zile za kwisha haraka karibu na mkono. Rafiki yangu akaja akasimama, mikono kiunoni.

"Aki wewe! Nimeita msusi nikaletewa karani!"

Siku ya nne kulikuwa na mama kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, amepakata mfuko wa nailoni umejaa karatasi. Alikuwa analalamika tu, haongei na mtu. Mumewe alifariki, na tangu mwaka uliopita anafuata haki ya marehemu ofisini, na kila akienda anaambiwa faili haionekani.

"Unawaambia nini ukifika?" nikamuuliza.

"Jina la mzee."

"Jina halisaidii. Unayo namba?"

"Namba gani?"

Nikavuta stuli. Tukamwaga zile karatasi kwa mapaja yake, na rafiki yangu akiendelea kusuka juu yetu. Nikazipanga kwa tarehe, ya zamani chini, mpya juu. Kwenye pembe ya barua ya pili, herufi ndogo ndogo, namba ilikuwepo. Nikaizungushia kalamu.

"Hii ndiyo faili inaitwa. Ukifika usiseme jina la mzee, sema hii. Halafu uliza, iko kwa nani na ilienda lini. Usiulize kama iko. Uliza iko kwa nani."

Yule mama akaniangalia kwa kioo, kwa maana kichwa alikuwa amekatazwa kugeuza. "Wewe ni nani?"

"Mimi? Mimi nimestaafu."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilipika chapati siku ambayo haikuwa ya chapati. Na jioni nikafungua faili yangu, nikaandika kwenye ukurasa namba tisa: Nywele, hapana. Nikafunga. Juu ya mama wa mfuko sikuandika neno, kwa sababu yeye hakuwa amenipa wazo lolote.

Wakati huo mume wangu alikuwa na siri. Alikuwa mtu wa chai kabisa mpaka aliposikia kwamba kuku wa mayai wanahitaji keji, vile vizimba vya waya. Keji ni vyuma. Nadhani hapo ndipo alibadilisha imani. Jumamosi moja nasikia kelele kwa plot, natoka nje, nakuta mkokoteni, na juu ya mkokoteni kitu cha kijani kirefu kuliko mlango wetu. Keji ya ghorofa tatu. Kila ghorofa ina vyumba vinne, kila chumba kina kamlango na komeo lake, na sakafu ya waya imelala kidogo kuja mbele.

"Hii mteremko ni ya yai," akanieleza, kijasho kikimtoka na tabasamu imejaa uso. "Kuku akitaga, yai linakuja polepole lenyewe mpaka hapa mbele. Halivunjiki. Hata hauinami, mgongo wako nauonea huruma."

Majirani wote walikuwa wametoka. Mtu mmoja akapiga makofi.

Nilishika komeo moja nikafungua, nikafunga. Mume wangu amechomelea watu geti miaka yote tumeoana. Madirisha ya mitaa mizima ni yake. Mimi sijawahi kuchomelewa kitu. Nilisema asante, na ilikuwa asante ya kweli. Lakini sasa kukataa kuku ilikuwa ni kumkataa yeye. Na zilikuwa zimebaki wiki mbili biyuu ifike. Jumatano niliyofunga na kuomba, nikiwa magotini, mlango ukabishwa. Ni mwenyekiti. Ameleta gambuti.

"Si nilikwambia zinakuja?"

"Lakini ni wewe umezileta, mama."

"Kwani Mungu anatumia nani? Vaa tuone."

Zilinitosha sawasawa. Hapo nikaogopa zaidi.

Siku ya biyuu ilikuwa Jumapili. Baada ya chakula nikaweka faili mezani. Mume wangu alikuwepo, binti yetu alikuwepo, na mwenyekiti alijialika. Nikawasomea moja moja, mpaka ya mwisho, namba kumi na nane. Nilisoma bila upendeleo, kama ilivyotakiwa kazini. Nilipomaliza, mume wangu akakohoa.

"Sasa mkubwa anaamua nini?"

Mkono wangu ukafanya kitu bila kuniuliza. Ukarudi nyuma ya faili, chini kabisa, pale barua ya kwanza hukaa. Miaka ishirini na tatu, kabla sijapandisha faili kwa mkubwa, ndicho kitu cha mwisho nilikuwa naangalia: barua ya mwenye shida iko? Yule anayeomba, ameomba nini, kwa mkono wake? Unaweza kuwa na maoni ya watu kumi, mihuri mpaka kwa pembe, lakini kama barua ya mwenyewe haiko, mkubwa haweki kalamu. Faili inarudi.

Nikapekua mara mbili.

"Haiwezi kuamuliwa," nikasema. "Barua ya mwenyewe haiko."

"Mwenyewe nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi."

Hapo binti yangu akaanza kucheka, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. "Mum! Umeandikisha mtaa mzima ukajisahau!"

Mume wangu akajaribu kukaza uso, ikamshinda. "Sasa ikiwa haiko inarudishwa kwa nani?"

"Kwa mhusika."

"Na mhusika ni wewe."

"Ndiyo."

"Basi jirudishie, mama watoto. Sisi tutangoja."

Nikaandika biyuu ya siku saba.

Mtu anaweza kudhani kuandika barua ya kuomba unachotaka ni kazi ndogo. Kila asubuhi baada ya maombi nilikaa na karatasi. Siku ya kwanza niliandika anwani yangu tu. Siku ya pili nilikwama kwa sababu sikujua ninamwandikia nani. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha barua rasmi lazima iwe na mpokeaji. Mwishowe nikaandika, Kwa Mungu wangu, na chini kabisa, Nakala kwa mume wangu. Siku ya tatu niliandika nisivyotaka: sitaki kuku, sitaki kusimama barabarani na chai, sitaki kuongea na simu. Karatasi ikajaa na nilikuwa sijaomba kitu.

Siku ya nne nilikumbuka barua za mama fulani.

Kulikuwa na faili moja pale masijala, ya mtu aliyekufa zamani, na mjane wake alikuwa anaandika. Mwandiko wa kuinama, kalamu inabonyezwa mpaka unaisikia nyuma ya karatasi. Miaka mitatu barua zake zilikuwa zinaingia, mimi nazipa namba, napandisha faili, inashuka, napandisha tena. Nilikuwa namjua yule mama. Nilijua paa lake lilivuja, nilijua mtoto wake alifaulu. Barua moja ilimalizia na "nawasalimu nyote mlioko huko ofisini," na mimi nikajibu kwa sauti, "tumepokea," pekee yangu kati ya rafu. Alikuja kulipwa mwishowe, faili ikafungwa, na sikuwahi kumwona. Miaka ishirini na tatu nilibeba maisha ya watu kwa mikono miwili na sikuona uso wa hata mmoja. Wa kwanza nilimwona kwa kioo, Kenyatta Market, nusu ya kichwa imesukwa.

Niliandika sentensi moja nikaiangalia muda mrefu: Naomba kazi ile ile, lakini mwenye faili akiwa amekaa mbele yangu.

Nikaweka sahihi. Niliona aibu kidogo, kama mtu aliyezunguka soko lote akarudi kununua kwa meza ya kwanza. Lakini nilipopiga magoti kuisoma kwa Mungu, sauti yangu haikutetemeka, na mimi huwa natetemeka nikiomba kitu nisichokitaka.

Nakala ya mume wangu nilimpelekea kazini, pale Corner. Alivua miwani ya kuchomelea, akasoma akiwa amesimama, midomo ikisogea. Akasoma tena.

"Na keji?" akauliza.

"Sijui, baba. Hiyo ndiyo imeninyima usingizi."

Akakunja ile karatasi akaiweka mfuko wa shati. Jioni alipofika nyumbani hakuingia ndani. Nilimwona dirishani akizunguka ile keji, mara anachuchumaa, mara anapima na kiganja. Akaniita.

"Leta ile faili yako."

Nikaleta. Akafungua kamlango kamoja ka ghorofa ya kati, akaingiza faili mpaka nyuma, akaachilia. Faili ikateleza polepole kuja mbele, ikasimama hapo kwenye ukingo wa yai, karibu na mkono wangu.

"Hata hauinami," akasema.

Nikamshika mkono mbele ya plot nzima, kitu ambacho sisi hatufanyi.

Hayo yanakaribia mwaka sasa. Kuna mtu wa fotokopi hapo Corner, hatua chache kutoka kwa mume wangu, ambaye alinipa nafasi ya meza kwenye veranda yake, kwa maana kila ninayemhudumia anatoa kopi. Keji imesimama nyuma yangu, vyumba kumi na viwili, kila kimoja na kibao cha mwezi wake. Watu wanakuja na mifuko ya nailoni, na bahasha, mmoja alikuja na sufuria yenye mfuniko. Tunamwaga, tunapanga, tunatafuta namba. Cheti kilichokosekana tunaandika kwenye orodha. Naandika biyuu, na siku yake ikifika napiga simu: mzee, leo ndio siku ya kwenda kuuliza. Wengine wanafanikiwa haraka, wengine tunakata miezi. Lakini kila mmoja namjua sura. Na kabla sijagusa karatasi yoyote, namuuliza kila mtu swali lile lile: wewe mwenyewe unaomba nini? Utashangaa ni wangapi hawajawahi kuulizwa.

Msimu wa mvua ulipoingia, tope ya hapo Corner ilinilazimisha kuvaa gambuti. Na kwa sababu watu wanangoja kwa baridi, nilianza kuja na ile chupa ya lita tano. Mume wangu anapita kila siku saa nne na kikombe chake, anajimiminia, anawaambia wateja wangu, "Hii chai niliitabiri mimi." Binti yangu alinichukua video moja nikieleza mtu jinsi ya kusoma namba ya barua, na sikuongea na simu, niliongea na mtu. Wanasema imetazamwa sana. Sijaiona.

Wiki iliyopita, mvua ikinyesha, mwenyekiti wa akina mama akatokea na mwavuli. Akaniangalia miguu. Akaangalia keji, jinsi karatasi zimepangwa ghorofa tatu, juu na chini. Akafunga mwavuli polepole, kama mtu anayejiandaa kuhubiri.

"Sister, niliona nini?"

"Uliona kuku, mama."

"Hapana. Kuku niliongezea mimi. Niliona vitu vyeupe, vingi, vimepangwa, na wewe katikati umevaa gambuti." Akageukia watu waliokuwa kwenye benchi. "Mnasikia? Hii ni kazi ya Bwana!"

Benchi likasema amen. Ningesema nini? Nikasema amen pia.

Halafu akatoa mfuko chini ya leso, umefungwa mafundo matatu, akauweka mezani kwangu. "Sasa nisaidie na hii. Ni shamba la marehemu mzee wangu. Miaka kumi nimekuwa nikiliombea tu."

"Nitakusaidia, mama. Lakini kuna watu wanne mbele yako."

"Unipangishe laini? Mimi niliyekuonyesha?"

"Panga laini, mama. Chai ndiyo hiyo."

Akajikuna kichwa, akacheka, akachukua kikombe, akakaa mwisho wa benchi.